Asubuhi ya Habineza

Goma, Ndosho, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Yaya Kanyere,

Juzi uliniambia kwa simu kwamba ninajibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata ulipouliza kama nimekula au bado. Ni kweli. Simu ikilia, maneno yananiishia. Kwa hiyo ninaandika. Barua nimempa Masika, yule wa vitenge, anayezungukia Uganda ili afike Butembo kwa sababu barabara ya Rutshuru bado imefungwa pale Kibumba. Anasema asipokawia ni siku nne, akikawia ni majuma mawili.

Habari ni hii. Wale watu wa shirika la Norveji waliokuita mwaka jana, mwaka huu wameniita mimi. Mama Dative, anayewafanyia kazi hapa Goma, alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha Habineza, hakujua. Akasema kila mwaka wanachagua mujane mumoja wa walinzi wa parki ya gorilla, anakwenda kuwasimulia watu wa kule jinsi bwana yake alivyokufa, nao wanachangia masomo ya watoto wa wajane wote. Nilisema ndiyo. Alishangaa kwamba sikuuliza kitu. Alipofika mulangoni akageuka, akauliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo.

Sijui kama nimefurahi. Tangu tumzike Habineza, miaka mitatu sasa, sijalia, na kicheko changu kinaishia kwenye meno. Wewe unajua, tulikuwa majirani kwenye kambi ya walinzi Rumangabo, ulinishika wakati wote wa matanga kama mimi nilivyokushika kwa matanga ya Kamate wako. Wewe ndiye uliyeniambia machozi yatakuja yenyewe. Hayajaja. Mwezi wa tano mabomu yalipoanguka upande wa Mugunga, kartié nzima ilikimbia. Mimi nilimaliza kwanza kuanua nguo. Élodie wangu sasa ni binti mukubwa, ananitazama kama mutu anayetazama sufuria aone kama imeanza kuchemka.

Niambie basi, wewe uliye mukubwa wangu. Norveji ni nchi gani? Mutu anavaa nini, anakula nini, anasalimiaje? Sitaki kumwaibisha Habineza mbele ya watu.

Mudogo wako,
Athanasie

*

Butembo, tarehe 21 mwezi wa tisa 2024

Mama Élodie, mudogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye mandazi, kwa hiyo ukiona mafuta kwenye karatasi hii usishangae. Nimefurahi kwa ajili yako, hata kama wewe mwenyewe hujui.

Sasa sikiliza vizuri. Muji wanaokupeleka unaitwa Bergen. Una milima na maji kama Goma, ila milima yake haitoi moshi. Mvua inanyesha kutwa na hakuna anayekimbia kujificha. Baridi yake si kama ile ya Lubero unayoiondoa kwa chai. Ile inaingilia miguuni na kupanda. Nenda Birere ukatafute soksi za sufu, usiangalie rangi.

Watu hawasalimiani njiani. Siku ya kwanza nilisalimia kila mutu tangu hoteli hadi kanisani, na kila mutu aligeuka nyuma kuona ninamsalimia nani. Ndani ya basi, kama kuna kiti kitupu pembeni yako, mutu atasimama tu. Si kwamba anakunuia ubaya. Ni heshima ya kwao. Ukifika nyumbani kwa mutu, vua viatu mulangoni, na usiende bila kuitwa. Hakuna kule kusema nilikuwa napita.

Utaona mishumaa inawaka madirishani muchana. Mimi nilifikiri kuna matanga, nikamuuliza mwenye nyumba nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ni uzuri tu. Na saa kumi jioni giza limeshaingia, usifikiri umeugua macho.

Samaki wanapika bila mafuta na bila pilipili. Beba pilipili yako ndani ya chupa ndogo, uifunge sana. Kuna jibini yao ya rangi ya kahawia, tamu kama sukari iliyoungua. Kula kipande kimoja, sema aksanti.

Watakusikiliza na watalia. Usiwashike. Kule mutu akilia wanampa karatasi laini na kumwachia nafasi. Wewe pia watakuachia nafasi, usifikiri wanakuchukia.

Atakayetafsiri anaitwa Olivier, mutu wa Bukavu, ameishi kule miaka mingi. Haongei sana. Mufuate yeye.

Kwangu mimi ilikuwa vizuri. Walinipokea vizuri sana.

Yaya wako,
Kanyere

*

Goma, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Yaya Kanyere,

Barua yako ilifika pamoja na mandazi makavu. Aksanti. Élodie aliyala.

Soksi nimenunua, za kijani. Paspore imetoka, viza Mama Dative anaifuatilia. Kila siku ya Jumanne anakuja kunifundisha. Tumejifunza kisu na uma. Tulitumia mihogo ya kuchemsha kwa sababu nyama haikuwapo, na Élodie alishika vizuri kuliko mimi. Tumejifunza namna ya kufunga mukanda wa ndege kwa kutumia mukanda wa suruali ya Habineza. Mama Dative ni mutu mwema. Sasa nikimwambia ndiyo, ananiuliza tena kwa njia nyingine.

Ameandika pia hotuba yangu. Ni ya dakika nane, kwa Kiswahili, na Olivier atakuwa nayo kwa Kinorveji. Inasema Habineza alipenda gorilla kama watoto wake. Wewe unajua kwamba Habineza alikaa karibu miaka yote ile kwenye barriere ya kuingilia parki, akiinua muti na kuushusha. Gorilla aliwaona mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani hataki kula. Nilimwambia Mama Dative. Akasema tutaandika kwamba aliwaheshimu. Lakini nilipoona karatasi ya mwisho, kupenda kulikuwa bado pale.

Yale ya barabarani, siku aliyouawa, ameyaandika yalivyokuwa. Gari lilikuwa linarudi kutoka Kibumba, watu wenye bunduki wakatoka kwenye mashamba, na hadi leo hatujui walikuwa nani. Nilisoma kwa sauti hadi mwisho bila kukwama. Élodie akatoka nje.

Kuna mahali katikati pameachwa wazi. Mama Dative anasema pale nitasimulia asubuhi ya mwisho, kwa maneno yangu. Alisema: "Mama, watu wa kule hawamjui. Wape asubuhi yake. Aliamka namna gani, alisema nini akitoka. Hapo ndipo watamwona." Nikamwambia nitaitafuta.

Siitafuti kwa kweli. Ninayo yote. Ninaiangalia kama picha iliyopigiliwa ukutani, haisemi kitu.

Wewe uliwapa asubuhi ya Kamate? Na ulilia?

Athanasie

*

Butembo, tarehe 15 mwezi wa kumi 2024

Mama Élodie,

Masika atakupa koti. Ndilo lile nililonunuliwa kule mwaka jana, lina kofia na mifuko ndani ya mifuko. Jephté wangu, huyu wa mwisho, alilivaa juma zima akitembea nalo ndani ya nyumba akisema yeye ni wa Norveji. Nilimvua kwa nguvu. Mikono ni mirefu kwako, kunja.

Kule Addis-Abeba usikae mbali na wale wanaosafiri nawe. Uwanja ni mukubwa, mutu anapotea. Kuna ngazi zinazotembea zenyewe. Weka muguu katikati ya ngazi, usiangalie chini, shika pembeni. Mimi nilisimama pale hadi mwanamuke muzee wa Ethiopia akanishika mukono. Ndani ya ndege masikio yataziba. Meza mate.

Chukua sandali za nyumbani. Chukua kitenge cha kujifunika, kwa sababu kitandani blanketi lao ni nene kama godoro, ila jepesi kama halipo, na mutu halali kama hasikii uzito. Chukua sabuni yako.

Sasa hivi kahawa imepanda bei hapa na watu wana furaha kidogo, ila vita ya upande wa Lubero inatutia wasiwasi. Tunasali.

Kuhusu yale mengine uliyouliza, tutaongea ukirudi.

Kanyere

*

Goma, tarehe 24 mwezi wa kumi 2024

Yaya,

Koti limefika. Ninaondoka tarehe 31. Élodie atabaki kwa dada yangu.

Nilikuuliza mambo mawili na ukanijibu kuhusu ngazi. Sikasiriki. Ninakuambia tu kwamba niliona.

Nimeamua nitawapa asubuhi yenyewe, yote, bila kupunguza. Nimewaza hivi: hapa kila mutu anamjua Habineza, na kila mutu ana maiti wake. Nikianza kusema, yule wa pembeni naye anaanza wa kwake, na wote wawili tunanyamaza. Huenda mbele ya watu wasio na kitu cha kuniambia, kitu kitafunguka. Nikilia kule, hata mbele ya wazungu mia, nitarudi hapa nikiwa mutu. Élodie anahitaji mutu.

Jana nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Élodie alikuwa anachambua lenga-lenga. Akasema, "Baba hakuwapenda gorilla."

Nikasema najua.

"Sasa kwa nini unasema?"

Nikamwambia ni karatasi inayosema. Alinitazama, akaendelea na mboga. Ninafikiri nilipaswa kusikia aibu. Niliitafuta, sikuikuta.

Utuombee safari.

Athanasie

*

Butembo, tarehe 29 mwezi wa kumi 2024

Mudogo wangu,

Jana nilikupigia simu. Nilitaka kukuambia jambo. Nikasikia sauti yako, "ndiyo, Yaya," na nyuma yake watu wanaongea, na nikakuuliza kama umefunga soksi. Ukasema ndiyo. Nikakata. Nilikaa na simu mukononi hadi mafuta ya mandazi yakaungua.

Masika anaondoka kesho kutwa. Najua barua hii itafika ukiwa umeshapanda ndege. Ninaiandika hata hivyo, kwa sababu kuisema kumenishinda.

Uliuliza kama niliwapa asubuhi ya Kamate. Niliwapa. Uliuliza kama nililia. Siku ya kwanza nililia hadi Olivier akanyamaza akanisubiri. Watu walisimama wote, wakanipigia mikono. Nilisikia wepesi, kama mutu aliyetua muzigo. Basi wakasema ni nzuri sana, kesho kuna shule, kesho kutwa kanisa, halafu wazee wa muji, halafu radio. Kila mahali niliwapa asubuhi ileile. Amesimama anakunywa chai, hajafunga kamba za viatu, ananiambia neno lile. Mara ya tatu nilikuwa ninajua mahali ambapo watu watalia. Nikifika pale nilishusha sauti. Hakuna aliyenifundisha. Mimi mwenyewe, Athanasie, nilishusha sauti.

Nilirudi nyumbani. Usiku mumoja nilitaka kumsikia, kama nilivyokuwa nikifanya tangu afe: ninafumba macho na yeye anasema. Nikafumba macho. Nikasikia sauti yangu ikisema maneno yake, na baada yangu Olivier kwa Kinorveji, na watu wakipenga kamasi. Kamate hayupo. Nimemtafuta mwaka muzima. Ninamwona uso, ninaona mikono yake, ila akifungua kinywa ni mimi ninayetoka. Simu yake ilipotea naye msituni. Hakuna mahali sauti yake imebaki. Watoto ninaogopa kuwauliza, wasije wakajua kwamba mama yao ameipoteza.

Usiwape asubuhi. Wape karatasi, wape gorilla, wape barabara. Ukiwa umeshawapa, basi unisamehe kwa kukuandikia habari za soksi.

Kanyere

*

Goma, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya Kanyere,

Nimerudi salama. Barua yako niliikuta kwa dada yangu, Masika aliileta siku tano baada ya mimi kuondoka. Nimeisoma nikiwa bado nimevaa koti lako.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Bergen ni kama ulivyosema. Mvua, mishumaa, jibini. Ngazi zinazotembea nilizipanda bila kuanguka. Sikusikia woga. Olivier alinipokea uwanjani, akachukua sanduku langu, akaniuliza habari zako kabla ya kuniuliza habari za safari. Nilimwambia unauza mandazi na uko vizuri. Akainamisha kichwa.

Siku ya pili wakanipeleka kwenye ukumbi wa mbao, umejaa watu wenye makoti yaliyolowa. Nilisimama na karatasi yangu, Olivier pembeni na yake. Ninasoma kidogo, ninanyamaza, naye anasoma. Tulienda hivyo hadi pale palipoachwa wazi. Nikaweka karatasi chini. Nikaanza asubuhi ya Habineza.

Niliisema yote. Alivyoamka, nilichokuwa ninapika, alichorudi kuchukua, na neno alilosema ameshika mulango. Nilikuwa nikisema na kujisikiliza, ninangoja kitu kifunguke. Hakikufunguka. Ndipo nikasikia kwamba mambo hayalingani. Mimi nilikuwa kwenye maharagi, na Olivier akasema "gorilla". Neno hilo ni lilelile kwao na kwetu. Katika asubuhi ya Habineza hakuna gorilla hata mumoja. Nikasema sentensi nyingine, fupi sana, naye akasema kitu kirefu chenye Rumangabo na Kibumba ndani yake. Nikajua anasoma karatasi. Mama mumoja wa mbele alikuwa anajifuta macho. Nilimtazama Olivier. Alikuwa anatazama karatasi tu, shingo imeingia mabegani kama ya mutu aliyepigwa.

Sikumkatiza. Niliendelea hadi mwisho wa asubuhi na yeye akaendelea hadi mwisho wa karatasi. Watu wakasimama, wakapiga mikono. Mimi sikulia.

Alinisindikiza hotelini kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha, na hatukukimbia. Karibu na daraja akasimama.

"Mama, umejua nilichofanya."

"Ulisoma karatasi."

"Nilisikia yote uliyosema. Sikuvusha kitu kwa Kinorveji."

Nikamuuliza kwa nini. Kisha akanieleza kwamba mwaka jana aliyavusha maneno yako yote, kila siku, na siku ya mwisho kwenye radio alikuwa ameyakariri hadi akaanza sentensi kabla yako. Anasema ulimtazama kama mutu aliyenyang'anywa kitu mukononi. Tangu siku ile amekuwa akijiuliza ni kitu gani. Aliponisikia ninaacha karatasi, aliogopa. Akasema kama nimekasirika, kesho atavusha kila neno, ni haki yangu.

Sikukasirika. Nikamwambia aendelee kusoma.

Kwa hiyo, Yaya, siku zilizofuata tulifanya hivyo. Shuleni, pale palipo wazi, niliwaeleza namna ya kutwanga sombe, majani ya mihogo, na kwa nini isifunikwe mapema. Kwa wazee wa muji niliwaeleza mawe ya Nyiragongo, mulima wetu wa moto, na jinsi viatu vinavyoisha Goma. Olivier alisoma gorilla. Wote walilia. Mama Dative amefurahi, anasema watu hawajawahi kuchangia namna ile, na masomo ya watoto yamepatikana, hata ya Jephté wako.

Kanisani niliwasimulia kambi ya Rumangabo, nyumba moja baada ya nyingine, nani alilala wapi na nani alikohoa wapi. Nilipofika kwenye nyumba yenu nilikaa sana. Olivier alimaliza karatasi, akabaki amesimama ananisikiliza.

Sasa nimesoma barua yako na ninajua cha kukuandikia. Kati ya nyumba yako na yangu kulikuwa na mbao tu. Wewe ulikuwa umemzoea, mutu hamusikii aliyemzoea. Mimi nilimsikia bwana yako kila siku ya Mungu, hata nisipotaka.

Kamate kabla ya kusema alikohoa kwanza. Kikohozi kimoja kikavu, ananyamaza kidogo, halafu kingine chepesi kama anaomba ruhusa. Alifanya hivyo hata akiwa anataka chumvi. Sauti yake ilitoka chini, lakini mwisho wa sentensi ilipanda, kwa hiyo kila kitu alichosema kilikuwa kama anauliza. Jina lako alilivuta kwenye herufi ya mwisho, "Kanyereee," polepole, kama anakuita kutoka nyumba nyingine, hata ukiwa umesimama mbele yake. Akicheka hakutoa sauti. Ilikuwa kimya, halafu ghafla anavuta pumzi kwa nguvu, na Habineza kwangu huku anasema, haya, Kamate amecheka. Akisali alikimbia mwanzoni na kusimama pale kwenye "mukate wetu". Mimi hapo nilikuwa nangoja na sufuria mukononi hadi aendelee.

Haya sikuyavusha popote. Ni yako.

Usingoje nikuambie kwamba nimelia. Bado. Asubuhi ya Habineza ninayo. Sitakuandikia, utanisamehe. Jana Élodie aliniuliza kama niliwaambia kwamba baba alipenda gorilla. Nikamwambia Olivier ndiye aliyewaambia, mimi niliwaambia habari za maharagi. Akacheka. Nilimsikia vizuri.

Mudogo wako,
Athanasie

*

Butembo, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mama Élodie,

Barua yako niliipata jioni, tukiwa tunakula. Niliisoma kimya hadi mwisho, watoto wakidhani ni habari za safari.

Halafu nikajaribu. Kikohozi kimoja kikavu. Nikanyamaza kidogo. Kisha kile kingine.

Jephté aliacha bugali mukononi, akaangalia mulango.

Na mimi niliangalia.

Kanyere